Msingi unaotembea juu ya tope la bahari ya Lindi

"Msingi unaotembea si msingi." Maneno hayo ni ya ndugu yangu mmoja, fundi wa kuchomelea hapa Mtwara, siku tulipozungumzia gesi ya bahari kuu na mabomba yatakayoileta Likong'o, huko Lindi, panapopangwa kujengwa kiwanda cha gesi. Nilikuwa nimemweleza kwamba wapo wahandisi wanaotaka sahani za chuma zinazobeba ncha za mabomba chini ya bahari ziachwe ziteleze, ziende na kurudi, badala ya kuzuiwa zisisogee hata kidogo. Alikataa katakata. Najua wengi watakuwa upande wake, na hofu yao si ya kupuuzwa, lakini nadhani wanalionea tope.

Chukua Kitalu namba 2, ilikogunduliwa gesi ya Zafarani mwaka 2012, kiasi cha kilomita 100 kutoka pwani ya Lindi, kwenye kina cha takriban mita 2,500. Maji ya huko chini ni baridi mno, na gesi inatoka ardhini ikiwa na joto. Kisima kikifunguliwa, bomba linapata joto na kurefuka. Kikifungwa, linapoa na kunywea. Bomba la chuma la kilomita 5 likipanda joto kwa nyuzi 50, na likiwa huru kabisa, linarefuka karibu mita 3. Sakafu ya bahari italizuia kwa kiasi fulani, ila nguvu hiyo haipotei, inabaki ndani ya chuma ikitafuta pa kutokea. Ukitaka sahani iliyo kwenye ncha isisogee, uifanye kubwa sana au uipigilie nguzo, na kadiri inavyokua ndivyo inavyodai meli kubwa zaidi ya kuishusha.

Sasa tope lenyewe. Aliyezoea ghuba ya Mikindani analijua. Maji yakipwa, chomeka upondo kwenye tope kisha uchomoe papo hapo: unatoka kwa mkono mmoja. Uache mpaka kesho, utauvuta kwa mikono miwili, nao utatoka na tope la kijivu limeuganda. Ulipoingia, uliyabana maji yaliyo kati ya chembe za udongo, na maji yaliyobanwa yakaubeba mzigo ambao chembe zingeubeba. Ndiyo maana tope lililegea. Usiku kucha yale maji yanavuja polepole, chembe zinasogeleana, tope linashika.

Sahani inayoteleza inafanya kazi hiyohiyo, tena mara nyingi. Kila bomba linapowashwa inalivuruga tope na kuyabana maji. Kisha inatulia kwa wiki au miezi, maji yanatoka, tope linashikamana kuliko lilivyokuwa. Hesabu ya kawaida inaipima sahani kwa nguvu ya tope la siku ya kwanza na kubaki nayo hiyohiyo maisha yote ya mradi. Hapo ndipo ninapopinga. Udongo laini wa mfinyanzi uliokwisha kutulia chini ya uzito wa tani 100 unaweza kuuzuia mteleko wa ghafla kwa kiasi cha tani 20 hadi 25. Maji yake yaliyobanwa yakipata nafasi ya kutoka, udongo huohuo, ukiwa na pembe ya msuguano (kipimo cha jinsi chembe zinavyokwaruzana) ya nyuzi 25, unazuia zaidi ya tani 46. Ni karibu maradufu, na hakuna aliyeongeza chuma hata kilo moja.

Hayo yamejaribiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Australia, akiwemo Susan Gourvenec, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya sahani ndogo waliyoitelezesha juu ya udongo wa mfinyanzi ndani ya mashine inayozunguka kwa kasi. Mzunguko ukifikia mara 100 ya uvutano wa dunia, sentimita 1 inasimama badala ya mita 1, na maji yanavuja kutoka kwenye udongo kwa kasi mara 10,000. Mwaka mzima wa tope kutulia unapita kwa dakika 53 hivi! Unaweza kuona maisha yote ya bomba kabla wiki haijaisha. Waliona ukinzani ukipanda mteleko baada ya mteleko, na sahani ikizama kidogo kidogo.

Kuzama huko ndiyo hoja nzito ya upande wa pili. Maji yakitoka, udongo unapungua ujazo, sahani inashuka, na ikishuka upande mmoja zaidi inainamisha viungo vya bomba visivyopenda kupindwa. Tena ukinzani ukiongezeka, bomba nalo linasukumana na kitu kigumu zaidi, kwa hiyo faida ya msingi inaweza kuwa mzigo wa bomba. Modeli, yaani hesabu ya kutabiri tabia ya tope, inayokadiria nguvu chini ya ile halisi inaweza kukudanganya vibaya sawa na inayokadiria juu. Na mteleko wa kwanza unatokea tope likiwa bado halijapata nguvu yoyote ya nyongeza.

Hoja hizo nazikubali zote, na kwangu ndizo zinazodai modeli inayolifuata tope siku hadi siku. Anayeligandisha tope kwenye siku ya kwanza hawezi kukuambia sahani itazama kiasi gani mwaka wa kumi, wala bomba litasukumwa kwa nguvu gani. Ninachokiogopa mimi ni kukopa namba. Udongo wa maabara ni laini na wa namna moja. Mteremko wetu wa bahari una makorongo, na tope la mahali pamoja halilazimiki kufanana na la pale jirani. Kwa hiyo sampuli zichukuliwe palepale sahani itakapokaa, zitelezeshwe, zipumzishwe, zitelezeshwe tena. Kisha sahani za kwanza zifungwe vipimo vya kuinama na kuzama tangu siku zinaposhushwa, kabla kisima cha kwanza hakijafunguliwa.

Nilimrudia fundi na habari ya upondo. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kile kiungo cha bomba kinaweza kuinama nyuzi ngapi kabla weldi haijapasuka.