Vitabu 93 kati ya 3,200: Walter Dean Myers analaumiwa kwa lipi?

Machi 2014, miezi michache kabla ya kufariki dunia, mtunzi wa riwaya za vijana Walter Dean Myers alichapisha makala katika New York Times akianzia na hesabu moja. Kati ya vitabu vya watoto vipatavyo 3,200 vilivyotoka Marekani mwaka 2013, vilivyohusu watu weusi vilikuwa 93 tu. Hesabu hiyo ilifanywa na kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, na bila kuizingatia sioni mtu atakavyoamua kwa haki ugomvi unaoviandama vitabu vya Myers mpaka leo.

Fallen Angels, riwaya yake ya 1988, inamfuata Richie Perry, kijana wa miaka 17 kutoka Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, hadi vitani Vietnam. Ilipata tuzo ya Coretta Scott King, inayotolewa kwa waandishi weusi wa vitabu vya watoto na vijana. Katika miaka ya 1990 na muongo uliofuata, ilikuwamo pia katika orodha ya vitabu vinavyolalamikiwa zaidi kwenye shule na maktaba za Marekani. Wazazi wanasema askari wanatukana mno, damu ni nyingi, na watu wanaitana majina ya kibaguzi. Wazazi hao si wa kubezwa. Mtoto wa miaka 13 si sawa na wa miaka 17, na akishtuka usingizini kwa alichokisoma, wa kumbembeleza ni mzazi. Ningekuwa mimi, ningetaka kujua mwalimu atakizungumziaje kitabu hicho darasani.

Ila kuuliza ni jambo moja, kukiondoa kitabu kwenye rafu ni jingine. Myers aliacha shule akaingia jeshini akiwa na miaka 17. Mdogo wake alimfuata jeshini, akauawa Vietnam mwaka 1968, na riwaya hiyo imetolewa kwa kumbukumbu yake. Kuna mahali Perry anakaa kumwandikia barua mke wa luteni wao aliyeuawa. Ni kijana ambaye bado hajajua maisha, na sasa inambidi atafute maneno ya kumpa mjane. Nikiisoma sehemu ile, matusi yote ya kurasa za nyuma najua yalikotoka. Anayekipima kitabu kwa kuhesabu matusi haioni kabisa barua ile.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, na mara nyingi inatoka kwa watu wanaompenda: kwa nini kijana mweusi aonekane tena na bunduki, genge au jela? Wanaoitoa wanaitazama hasa Monster ya 1999, iliyokuwa riwaya ya kwanza kabisa kupewa tuzo ya Michael L. Printz ya vitabu vya vijana, mwaka 2000. Steve Harmon, mwenye miaka 16, yuko kizimbani kwa mauaji yaliyotokea katika wizi wa duka la dawa. Anaisimulia kesi yake kama mswada wa filamu, na katikati anaweka kurasa za shajara alizoandika mahabusu.

Hapo ndipo narudi kwenye zile 93. Ni chini ya vitabu vitatu katika kila mia, tena humo mna vya picha kwa wanaoanza kusoma, vya historia na vya wasifu. Ukivitoa hivyo, vya kijana wa umri wa Steve vinabaki vingapi? Msomaji akimkuta mzungu mwizi katika riwaya moja, rafu hiyo hiyo itampa mzungu mpelelezi, mwanafunzi, shujaa na mpenzi, na mwizi yule atabaki mwizi mmoja. Steve hana wenzake wa kumpunguzia mzigo, kwa hiyo anabebeshwa sura ya vijana weusi wote. Kosa hilo ni la wachapishaji walioacha rafu tupu, si la aliyekuwa akiijaza. Na aliijaza kweli: vitabu zaidi ya 100, vikiwamo riwaya za mpira wa kikapu, maisha ya Malcolm X na Muhammad Ali, na shairi la Harlem lililochorwa na mwanawe Christopher. Kwa hesabu hiyo hiyo, bodi ya shule inayoondoa kitabu kimoja cha Myers haiondoi kimoja kati ya 3,200; inaondoa kimoja kati ya vile vichache.

Yeye mwenyewe alijua rafu tupu inavyomfanya mtoto. Alikulia Harlem akisoma sana, kisha ujana ukamfunulia kwamba maisha yaliyomo vitabuni si yake, na mapenzi yake kwa vitabu yakapoa. Alipokuja kusoma hadithi ya mwandishi mweusi James Baldwin iliyokuwa na Harlem ndani yake, alihisi amepewa ruhusa ya kuandika.

Monster inaishia mahali ambapo wanaoilaumu hawapataji. Hukumu inasomwa: Steve hana hatia. Anageuka kumkumbatia wakili wake, O'Brien. Mwanamke huyo anakakamaa, anampa mgongo na kukusanya karatasi zake. Miezi inapita na Steve bado anajipiga filamu, sura hii na ile, kwa kamera yake mwenyewe, akitafuta kile ambacho O'Brien alikiona.