Kadi za raga zanitia kiherehere

Wallahi hizi kadi za raga zachosha. Fainali ya Kombe la Dunia 2023, Sam Cane wa New Zealand kamkaba Jesse Kriel juu, kichwani: njano, ikapandishwa nyekundu. Kipindi cha pili Siya Kolisi wa Afrika Kusini kagongana vichwa na Ardie Savea wa New Zealand: njano, ikabaki njano. Ati hatari yake ilikuwa ndogo! Afrika Kusini wakabeba kombe, 12-11.

Na Owen Farrell wa Uingereza mwaka uo huo, alipomkaba mtu kichwani? Kamati ya nidhamu ikamfutia nyekundu, World Rugby, wasimamizi wa raga duniani, wakakata rufaa, akafungiwa mechi 4. Kosa ni lile lile!

Hapa barazani Malindi mzee mmoja, kikombe mkononi, aniambia, "Mwanangu, tazama mpira, wacha kesi." Niwache vipi, na kahawa yake nimelipa mie?