Huo msumeno uwekeni chini

Jumapili tulikuwa nyumbani Magu, kikao cha familia kimeisha, sato na ugali vimeliwa, watu wameshiba wanatafuta usingizi, mara mtoto wa shangazi anachomoa simu anaanza kutuonyesha video. Jamaa wa Marekani kachukua bunduki ya zamani ya jeshi, kakata mbao ya mbele, katoboa juu kafunga darubini, kitako kaweka cheusi cha plastiki, anachekelea kama kapata mtoto wa kwanza. "Na ya babu tuifanye hivi." Nilitaka kumrushia kichwa cha sato.

Ya babu ni Lee-Enfield, bunduki ya zamani ya jeshi la Waingereza, ile ya risasi za 303. Kibali anacho baba mdogo na inakaa imefungiwa, siku hizi kazi yake kupakwa mafuta tu. Zamani babu alikuwa anafukuzia viboko kwenye mpunga, anapiga juu, kelele zinatosha.

Baba mdogo akaitoa. Akachomoa magazini kwanza, akavuta komeo, akachungulia kama ni tupu (nyie mnaozishika hivi hivi mbele za watoto, yenu nitayaandika siku nyingine). Pale nyuma ya komeo kuna taji, chini yake GR (herufi za Mfalme George), halafu ENFIELD, jina la kiwanda, halafu 1917. Elfu moja mia tisa kumi na saba jamani! Waingereza waliingia Mwanza kuwatoa Wajerumani Julai 1916, hiyo bunduki ilikuwa bado ni mti na chuma. Kisigino cha kitako ni cha shaba na kina kifuniko kidogo, ukikifungua ndani unakuta kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu, na safari hii tukakuta na kipande cha kaniki cha babu, kimeganda mafuta, bado kinanuka.

Sasa wewe uniambie unakata wapi hapo.

Na msidhani ile mbao ya mbele ni pambo. Kwenye hii bunduki mbao inaubeba mtutu mpaka karibu na mdomo, ndani kuna springi ndogo inausukuma, wale wazee wa kiwandani walipiga hesabu zao wakajua wanafanya nini, ukija na msumeno wako wa kukatia mbao za kenchi unabadilisha mpaka inavyopiga, halafu utasema bunduki mbovu. Tundu la darubini nalo ukishatoboa umetoboa. Hao Wazungu wenyewe walizikata sana baada ya vita kwa sababu zilikuwa zimejaa na bei ya kutupa, leo ambayo haijaguswa ndio ina bei, zilizokatwa zinauzwa kinyonge, na wapo wanaohangaika kutafuta mbao za zamani wazirudishie. Ndio watu wetu wa kuwaiga hao!

Halafu hii ni silaha, sio bodaboda ya kupachika taa Kirumba. Ina namba, na hiyo namba iko polisi. Ukitaka kuigusa unaanzia huko, huanzii kwa fundi wa kuchomelea.

Haya, nikubali moja. Kama ingekuwa imeshakatwa na mtu zamani, au kitako kimeliwa na mchwa, ningesema fanyeni mnavyotaka, haina cha kupoteza. Na baba mdogo bega lake bovu, kile kisigino cha shaba kinamuumiza kweli, kwa hiyo mpira wa kuvalisha sawa, siku yoyote unauvua. Ila mpira tu.

Baba mdogo hakubishana na mtu, alikirudisha kile kipande cha kaniki mahali pake, akafunga kabati, ufunguo akatia mfukoni. Nikajua yameisha. Jana usiku saa tano meseji ya mtoto wa shangazi inaingia: "Bro, basi hata vanishi?"

Vanishi. Mbao imekunywa mafuta ya kitani miaka zaidi ya mia. Nikazima data nikalala.