Tuanze na Neno "Mhuni"

Kila ninapofika kwenye mada ya tamaduni ndogo za vijana, yaani mitindo ya maisha ya makundi yao ndani ya jamii pana, huandika ubaoni neno moja tu, "mhuni", kisha huwaomba wanafunzi waeleze wanavyomtambua mtu huyo akipita barabarani. Majibu huja haraka: suruali iliyoshuka kiunoni, rasta, singeli kwenye simu. Mwaka jana kijana mmoja wa safu ya nyuma, aliyekuwa amesuka nywele, alinyamaza mpaka ubao ukajaa, ndipo akauliza: "Mwalimu, mbona hatujaandika kosa lolote?"

Swali hilo ndilo somo lenyewe. Kabla ya kuuliza kwa nini kijana amepotoka, sosholojia huuliza nani ana uwezo wa kumwita aliyepotoka, na jina hilo likishabandikwa linafanya kazi gani. Mwanasosholojia Stanley Cohen, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1972, alionyesha jinsi purukushani za mods na rockers, makundi mawili ya vijana waliotambulika kwa mavazi na pikipiki zao, huko Clacton, Uingereza, wakati wa Pasaka ya 1964, zilivyokuzwa na magazeti mpaka zikaonekana kuwa tishio kwa taifa zima.

Kwa miaka kadhaa niliishia hapo, nikifundisha pikipiki za Waingereza kwa wanafunzi waliokuja chuoni kwa bodaboda. Kumbe mfano wa nyumbani ulikuwapo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Dar es Salaam Januari 1969, ikipiga vita vimini, mawigi, krimu za kung'arisha ngozi na suruali za kubana. Hata kabla ya Januari hiyo, makundi ya vijana yalikwishawavamia wanawake Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Suti ya kiume, ambayo nayo ilitoka Ulaya, haikuwa kwenye orodha.

Hapa nadharia ya Cohen, kwamba jamii ya wakubwa hukuza hofu juu ya vijana, inapwaya kidogo, na ndiyo maana naupenda mfano huu: waliohukumu hawakuwa wazee peke yao, bali vijana wenzao, na mzozo ulihusu taifa changa pamoja na nafasi ya mwanamke mjini.

Zoezi ninalotoa siku hizi ni kueleza kijiwe kimoja cha mtaani bila kutumia maneno "mmomonyoko wa maadili". Wengi hurudisha karatasi zikiwa nusu tupu, nami huzipokea hivyo hivyo.