Wa Tatu Karuka Foleni

Mimi si mkono wa birika. Kijana wa fulana na kopo la michango akinikabili pale Posta, buku langu natoa. Kinachonichoma ni kuvuka barabara na kukuta Land Cruiser la shirika la misaada, nembo ubavuni, limeegeshwa injini inanguruma ili dereva asisikie joto. Buku langu hilo, linapuliza upepo.

Na si hapa tu. Haiti ilipopigwa na tetemeko mwaka 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulichangiwa karibu nusu bilioni ya dola. Mwaka 2015 waandishi wa ProPublica na NPR wakaripoti kwamba nyumba za kudumu walizojenga ni sita. Sita! Shemeji yangu wa Mbagala, asiyefadhiliwa na mtu, anazo mbili na msingi wa ya tatu. Wenyewe walijitetea kwamba pesa zilikwenda kwenye makazi ya muda, maji na tiba. Haya.

Nikalibwaga barazani. Mzee mmoja akanitazama juu ya miwani: "We bwana, zaka ina mafungu manane ya wanaopewa, Kurani, Sura Tawba, aya ya 60. Na wanaoikusanya wamo." Nikanywea. Ni kweli, nani ataendesha lori la unga bure mpaka kijijini? Na mhasibu ukimnyima mshahara, si atautafuta humo humo kwenye unga?

Lakini mzee, nikamwambia, hao wametajwa wa tatu! Mbele yao wapo mafakiri na masikini. Huku kwetu wa tatu karuka foleni. Mshahara wake, posho ya siku yake, posho ya kikao yake. Semina ya kupambana na umaskini inafanyika Bagamoyo, hoteli ya ufukweni, na masikini mwenyewe anaitwa siku ya kufunga, apigwe picha akipokea ndoo. Ndoo nayo ina nembo, kubwa kuliko ya kwenye gari.

Mke wangu ananisikiliza, kisha anauliza: na ile mishikaki ya kamati ya harusi, kila kikao, inatoka mfuko gani?

Sasa huyu mwanamke anachanganya mambo. Watu watapangaje ukumbi, mapambo na gari la maharusi na njaa? Zile ni gharama za uendeshaji.

Halafu mweka hazina ni mimi. Mahesabu yapo, atayaona baada ya harusi.