Binti Yangu Anasomea Kutubu

Ukimwambia mtu mwanao anasomea udaktari, ataitika "mashaallah" na maneno yamekwisha. Mie wangu anasomea ukutubi huko Marekani, na tangu siku niliyosema hivyo sijamaliza kikombe cha kahawa barazani kwa salama.

"Kutubu?" mzee mmoja akaniuliza, kikombe kimemganda mkononi. "Kafanya nini huko?"

Nikamweleza: si kutubu, mzee wangu, ni ukutubi. Kutub, vitabu. Kazi ya maktaba. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsitiri mwenzake mwenye aibu nyumbani. "Na hiyo toba yenyewe miaka mingapi?" Kwa upumbavu wangu nikajibu: mitano. Mpaka Isha inasaliwa, Chake Chake nzima inajua kuwa binti wa mwenye duka kaharibu Marekani na kapewa miaka mitano ya kutubia. Shoga yake mke wangu akatuletea mkate wa kumimina, wa kutupa pole. Tukaula. Mkate hauna kosa.

Sasa hiyo mitano nayo ni kizungumkuti. Mwenyewe yupo mwaka wa tatu, kwa ufadhili, alhamdulillahi. Shahada ya kwanza kwao ni miaka minne. Ya uzamili, ukiisoma peke yake, kwa kawaida miwili. Minne na miwili, hata mie niliyeacha skuli mapema najua ni sita. La, anasema, kuna mpango wa kuziunganisha: unaomba ukiwa mwaka wa tatu, ukikubaliwa, mwaka wa nne unaingiza masomo machache ya uzamili, na masomo hayo yanahesabiwa huku na kule.

"Yaani mara mbili?"

"Mara mbili, baba."

Nikanyamaza. Mie nikimpimia mtu kilo moja ya sukari nikaiandika mara mbili, kesho watu wa mizani wapo mlangoni. Chuo kikuu kikifanya hivyo, kinasifiwa kwa kuwapunguzia watu gharama.

Nikamuuliza kwa nini asitosheke na hiyo ya kwanza. Mpanga vitabu na uzamili wapi na wapi? Kumbe kule kazi nyingi za mkutubi hasa zinataka uzamili, tena ule uliopitishwa na Chama cha Maktaba cha Marekani, kilichokuwepo tangu 1876. Haya. Masharti ya kuomba: wastani wa alama usipungue 3.0 katika 4, anao. Barua mbili za kumpendekeza. Hapo nikamwambia hilo niachie mie, kesho asubuhi nipo kwa sheha. Maana hapa kwetu jambo gani linaanza bila barua ya sheha?

"Baba, wanataka za walimu wanaonisomesha."

"Sheha anakujua tangu unatambaa."

"Sheha hajawahi kunisahihishia hata mtihani mmoja."

Niliona ni dharau. Sheha mwenyewe sikumwambia.

Kilichonimaliza ni insha. Wanataka mwombaji aeleze kwa nini kachagua ukutubi. Nilijua ataandika ile siku tulipovuka Unguja nikampeleka Maktaba Kuu pale Maisara, akagoma kutoka mpaka meli ikakaribia kutuacha. Nauli nililipa mie, kwa hiyo nilitegemea kutajwa. Nimetajwa! Aya ya kwanza kabisa, kanisomea kwenye simu huku akinitafsiria: "Baba yangu ana daftari la madeni ambalo hakuna binadamu anayeweza kutafuta jambo akaliona, yeye mwenyewe akiwemo."

Basi maprofesa wa Marekani, ambao hawajui Pemba iko upande gani wa Unguja, wanalijua daftari langu. Ni kweli sifuati herufi wala tarehe. Nafuata kichwa. Nimeandika "mama yake yule, unga nusu", na siku naandika nilimjua yule ni nani. Lakini mambo ya ndani ni ya ndani!

Akataka kunipoza kwa kunihadithia huyo mkubwa wao, Melvil Dewey, aliyetoa mpango wa namba za kupangia vitabu mwaka huo huo wa 1876, kisha 1887 akafungua skuli ya kwanza ya ukutubi, Columbia, kule New York. Maarifa yote ya ulimwengu mafungu kumi, kuanzia 000 mpaka 900. Bwana huyo alikuwa bahili wa herufi hata jina lake Melville akalipunguza likawa Melvil. Hapo nikampenda, maana na mie sukari naandika "suk". Mapenzi hayakudumu. Fungu la dini ni 200. Wakristo wametandaza mkeka toka 220 mpaka 280 na ushei. Waislamu wote wa dunia tumeshindiliwa 297, kama daladala ya Wete mkesha wa Idi. Binti yangu anasema hata wakutubi wenyewe wanalilalamikia hilo. Uchawi nao una makazi yake, 133. Hiyo barazani sikuisema. Wapemba tunasemwa vya kutosha.

Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Machi. Mchana ujumbe ukaingia: "Baba, usisahau karatasi ya benki. Maombi mwisho leo saa 11:59." Saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa! Magharibi hiyo inaingia! Nikafunga duka mteja bado yumo ndani (nilimfungulia baadaye), nikakimbia benki, nikamkuta mlinzi anavuta geti. Nikamwambia ni kwa ajili ya mtoto. Akanijibu hata yeye anao, sita, na benki imefungwa. Nikampigia binti yangu pumzi zikinipaa: mwanangu nisamehe, muda umekwisha.

Akacheka mpaka nikaona salio linakatika. Kumbe 11:59 ni saa ya kizungu, saa sita kasoro dakika moja usiku, tena usiku wa huko. Kwetu ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya tarehe 2. Na karatasi ya benki si ya maombi, ni ya viza, wakishamkubali. Nashukuru, maana ndani ya akaunti yangu kilichomo ni akaunti.

Jawabu bado. Lakini mie yale maneno ya aya ya kwanza yamenikaa kooni, nikaamua kulipanga daftari. Jioni ananielekeza kwa simu, naandika. Hesabu za biashara 657. Upishi 641. Uvuvi 639.

"Na hawa walioniahidi watalipa msimu wa karafuu? Msimu upi hawakusema."

"Hao, baba, 398.2."

"Ndiyo nini?"

"Ngano na hadithi za kale."

Nimewahesabu, thelathini na mmoja. Wa kwanza ni yule mzee wa kikombe.