Simu Ikipokonywa, Grupu Linabaki

Muhula ukifunguliwa ndipo uonevu wa mtandaoni wa likizo hujitokeza. Shule nyingi za sekondari Mombasa haziruhusu simu, kwa hiyo Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka ndipo grupu la darasa kwenye WhatsApp huchemka. Mmoja anabandikwa jina la kejeli, picha yake inageuzwa stika, sauti aliyomtumia rafiki mmoja inasambazwa kwa darasa zima. Siku ya kufungua, darasa hilo hilo linamsubiri. Simu zimeachwa nyumbani Likoni na Kisauni, lakini kicheko kimefika shuleni bila bando.

Hapo wazazi na walimu hugawanyika. Kundi la kwanza linasema simu ndiyo shetani, iondolewe. Hawasemi upuuzi. Matusi ya zamani yalikomea kwenye lango la shule. Ya sasa yanamfuata mtoto hadi kitandani, na anayesoma ujumbe saa saba za usiku hawezi kuwa macho kwenye somo la hesabu asubuhi. Katika kura ya maoni ya UNICEF ya 2019 iliyohusu nchi 30, kijana mmoja kati ya watatu alisema ameonewa mtandaoni, na mmoja kati ya watano alisema aliwahi kukosa shule kwa sababu hiyo. Ilikuwa kura ya waliojitolea kujibu kwa simu, kwa hiyo isichukuliwe kama sensa. Australia nayo, tangu Desemba 10, 2025, imezuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii.

Upande wa pili una hoja ambayo wenye hasira na simu hawaipendi. Utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu vijana zaidi ya 110,000 wa miaka 15 nchini Uingereza uligundua kuwa walioonewa mara kwa mara mtandaoni peke yake hawakufika asilimia moja. Karibu wote walioonewa mtandaoni walikuwa wakionewa ana kwa ana pia. Uingereza si Mombasa, lakini mwalimu yeyote wa zamu anaujua mpangilio huo: anayetukanwa kwenye grupu ndiye anayesukumwa kwenye foleni ya chakula. Simu haikuzaa uonevu, iliuongezea watazamaji na kuondoa saa ya mapumziko.

Kwa hiyo kumpokonya simu aliyeonewa, jambo ambalo ndilo la kwanza kufanywa nyumbani kwingi, ni kosa. Grupu linaendelea bila yeye, ila sasa hajui linasema nini. Ushahidi unapotea, kwa sababu status hutoweka baada ya saa 24 na aliyetuma ujumbe ana takriban siku mbili za kuufuta kwa wote. Baya zaidi, mtoto amejifunza kwamba kusema kunaadhibiwa, na safari ijayo atanyamaza. Kinachoonekana baada ya hapo ni dalili tu: tumbo linauma kila Jumatatu, kijana hodari wa mdahalo hataki tena kusimama mbele ya darasa, ghafla anaomba uhamisho bila sababu ya maana.

Kabla ya kuzuia namba au kutoka kwenye grupu, kusanya kwanza. Piga skrinshoti inayoonyesha tarehe na saa. Fungua maelezo ya mtumaji ili namba yenyewe ionekane, maana jina lililohifadhiwa kwenye simu yako halithibitishi kitu. Piga pia jina la grupu na orodha ya wanachama. Kwa TikTok, nakili kiungo cha video pamoja na jina la mtumiaji linaloanza na @, kwani jina la kawaida linaloonyeshwa hubadilishwa mara nyingi zaidi. Picha ya kutazamwa mara moja haikubali skrinshoti. Ipigwe kwa simu nyingine. Ndipo uripoti, na hapa wengi hujikwaa: WhatsApp hukuonyesha kisanduku cha kumzuia mtu na kufuta mazungumzo. Tiki ikibaki, umejifutia ushahidi mwenyewe. Kesi ikifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, itadai cheti kutoka kwa aliyetoa nakala hizo, kikieleza zilivyotolewa na kwa kifaa gani.

Picha ya utupu ya mtoto haifuati utaratibu huo. Usiinakili, usimtumie mwalimu hata kama nia ni njema, kwani kuisambaza ni kosa zito. Peleka simu yenyewe polisi uchukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na upige 116, laini ya bure ya watoto.

Sheria, kwa upande wake, ni nzito kupita kiasi kwa darasa la kidato cha pili. Ile ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 iliweka kwa unyanyasaji faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10, na mabadiliko yake ya Oktoba 2025 yalifikishwa Mahakama Kuu mara tu yaliposainiwa. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hana hatia ya jinai, na inaruhusu kesi za watoto kumalizwa nje ya mahakama. Kitisho cha jela kinamfaa mtu mzima anayemtishia msichana kwa picha. Kwa wanafunzi, kinachosaidia zaidi ni mwalimu kuwaita admini wa grupu na wazazi wao wiki ile ile. Kumhamisha mchokozi shule hakutoshi, maana kwenye grupu bado yumo.

Kuna aina moja ya uonevu ambayo mitandao haiioni kabisa, na Mombasa inauma kuliko matusi. Msichana anapigwa picha kwenye sherehe ya wanawake pekee, nywele wazi na amepambwa, kisha picha inaishia kwenye ukurasa wa umbea wa mtaa. Ukiiripoti kama picha chafu utajibiwa haijavunja kanuni yoyote, na kwa kanuni zao ni kweli. Iripoti chini ya faragha, ukitaja kuwa ni mtoto na mzazi hakuridhia. Ikikataliwa, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ambayo sheria imeipa siku 90 kuyamaliza. Mnamo 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Sheria hiyo haigusi mambo ya binafsi ya nyumbani, na mwenye ukurasa huenda akajitetea hivyo, ingawa ukurasa wenye maelfu ya wafuasi ni vigumu kuuita jambo la nyumbani.